Msiizike Simu Ingali Hai

Sisi watu wa pwani maiti wetu hatumlazi. Mtu akifariki alfajiri, aghlabu adhuhuri haipiti ila ameshasaliwa, na alasiri watu wako matangani. Kwa hivyo, msomaji, habari ya msiba kwetu ni habari ya saa, si habari ya siku. Zamani ilichukuliwa na mjumbe aliyekwenda mlango kwa mlango. Leo huchukuliwa na simu, na simu ikinyamaza mtu hukosa jambo lisilolipika.

Hayo yalimfika mama yangu mkubwa, hapa Mombasa. Shoga yake tangu chuoni alifariki Kisauni, na wenyewe wakampigia mara saba ili awahi kuja kumuaga kabla jeneza halijatoka. Simu ilikuwa mkobani mwake, wala haikulia. Habari aliipata baada ya magharibi, kwa jirani. Alilia mara mbili: alimlilia shoga yake, na akajililia mwenyewe kwa kuonekana hakujali.

Wajukuu, Mungu awahifadhi, walihukumu papo hapo kwamba simu imekufa na ni ya kutupwa. Wakamnunulia mpya, ya kioo. Bibi wa watu macho hayaoni vyema, vidole vimekakamaa kwa kazi za miaka, akigusa huku hufunguka kule. Wiki mbili hakupokea simu hata moja.

Nilipoitwaa ile ya zamani nikaikuta nzima kama siku iliponunuliwa. Ilikuwa imetiwa kimya tu. Katika simu nyingi za vitufe, ukikibana kwa muda kile kitufe chenye alama ya reli (#), mlio hufungwa. Kilijibana kwa kusongwa na tasbihi na funguo mkobani. Nikakibana tena, ikalia. Dawa yake ilikuwa nukta chache, na kwa kukosa nukta hizo mtu mzima alikosa kumuaga mwenzake.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Sisemi simu mpya ni mbaya, nami ninayo. Nasema kwamba tumekuwa wepesi wa kuhukumu na wazito wa kutazama, na hasara yake huwaangukia wazee. Mganga mzuri huuliza kabla ya kutia dawa. Basi na tuulize.

Je, simu haipokei chaji? Anza kwa kujaribu chaja nyingine, kwani nyuzi za chaja hukatika ndani bila kuonekana. Kisha tazama tundu: nyuzi za kanzu na vumbi la mfukoni hujaa humo, na kijiti kikavu cha meno hutosha kuzitoa, simu ikiwa imezimwa. Kisha fungua mgongo utoe betri. Sisi tunakaa na bahari, na upepo wa chumvi hula shaba. Vile vidato vinavyogusana na betri hufanya kutu ya kijani. Visugue polepole kwa raba ya kufutia penseli, upanguse kwa kitambaa kikavu.

Betri yenyewe ilaze mezani uizungushe. Ikizunguka kama pia, imefura tumbo, na hiyo haina dawa. Usiitoboe, usiitupe motoni, wala usiichaji usiku umelala. Jambo hili si la mchezo: mwaka 2007 kampuni ya Nokia yenyewe iliwatangazia wateja kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C zilizotengenezwa na kampuni nyingine huenda zikapata moto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Basi sembuse zile za bandia zipangwazo juu ya meza za barabarani.

Je, simu yasema haioni laini? Zima, toa kadi, panguza uso wake wa dhahabu, irudishe ikae sawasawa. Ikitaka nambari ya siri nawe huijui, usibahatishe. Ukikosea mara tatu hufungwa na kutaka nambari ya pili, iitwayo PUK, na ukikosea hiyo mara kumi kadi imekufa kabisa. Nenda kwa wenye laini na kitambulisho.

Je, ujumbe hauingii? Huenda sanduku limejaa, maana simu hizi tumbo lao ni dogo. Lakini hapa, kijana, nakusihi: usifute kitu bila ya kumuuliza mwenyewe. Hujui ni upi ujumbe wa mwisho wa marehemu mumewe, aliouweka miaka mingi ausome peke yake usiku.

Je, imeingia maji? Toa betri upesi, wala usiiwashe kwa kujaribu. Ianike kivulini penye upepo siku mbili. Wali wa kuifukia ni dhana tu. Mchele uacheni kwa pilau. Na kama ni maji ya bahari, mkimbilie fundi siku hiyo hiyo, kwani chumvi hailali. Ila kabla ya kumkabidhi, toa laini. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 laini ni mkoba wa fedha, na mkoba haumpi mshonaji ukiwa na fedha ndani.

Wako watakaoniambia kwamba simu ya vitufe mpya haigharimu sana, basi ya nini taabu yote hii? Nakubali kwamba ukifika wakati wa fundi kutaka zaidi ya bei ya mpya, nunua. Lakini mnunulie mzee simu ya aina aliyoizoea, uyahamishe majina yote, na uyaandike pia katika daftari. Kumtupia kioo na kuondoka si hisani. Tena kutupa kitu kizima ni israfu, nasi tulifundishwa chuoni kwamba israfu ni dhambi.

Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250, iko hata leo katika mifuko ya wazee wetu, nao waiita mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake. Kwao si kopo. Ndiyo kamba yao ya kuunga udugu.

Basi leo ukitoka msikitini, pita kwa bibi yako. Mwombe simu yake, uipigie kwa yako, usikilize kama yalia.