Jina la Mtu na Kalamu ya Karani

Yako mambo madogo mengi yachoshayo katika kazi ya ofisi, wala hatuna nia ya kuyahesabu yote. Wino wa muhuri hukauka siku ya watu wengi, kiti cha wageni huwa na miguu mitatu, na mtandao hulala saa ile ile ambayo foleni imefika mlangoni. Haya twayavumilia. Lakini liko moja ambalo twaona halifai kuvumiliwa, kwa sababu chanzo chake si mtambo wala si mvua ya Mbinga, bali ni mkono wa mtu aliyekaa mezani: namna majina yaandikwavyo.

Sote tujuao nchi hii twafahamu ya kwamba ulimi wa huku hauweki ukuta mrefu kati ya r na l. Mto mkubwa ulioupa mkoa wetu jina twauandika Ruvuma. Wako wazee wautamkao Luvuma. Na ng'ambo, upande wa Msumbiji, wameshika Rovuma kama Wareno walivyoandika. Maji ni yale yale. Yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, ambayo wataalamu wa nchi za mbali wamekuja kuyatazama kwa jinsi yanavyozuia udongo usiteremke mlimani pamoja na mvua, yameandikwa ngolo, yakaandikwa ngoro, yakaandikwa na ingolu, wala mahindi hayakukataa kuota kwa ajili hiyo. Tena asidhani karani mgeni ya kuwa kila r aisikiayo huku ni l iliyopotea njia. Luhangarasi ina l na r ndani ya jina moja, na Liparamba vivyo hivyo. Hapa dawa ni kuuliza, kukisia hakufai.

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Liuli ilipokuwa mikononi mwa Wadachi iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya lile jiwe lililo majini ambalo wao waliliona kama sanamu ya Misri. Hapo ndipo, mwezi wa Agosti 1914, meli ya Waingereza ilipoipiga mizinga meli ya Wadachi iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wa Kidachi alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita. (Wale wasemao kwamba barua kuchelewa ni jambo la siku hizi na walikumbuke hilo.) Mbamba Bay nayo imekaa na neno lake la Kiingereza tangu zamani, wala hatujasikia mvuvi hata mmoja akisema Ghuba ya Mbamba. Twaikubali. Ila twaomba tukubaliane ikiwa ni neno moja au mawili, kwani vibao na barua zetu zaandika Mbamba Bay, na Mbambabay, na Mbamba-Bay, kana kwamba ni miji mitatu. Na tangu Nyasa ilipotengwa na Mbinga mwaka 2012 kuwa wilaya ya peke yake, Mbamba Bay ndiyo makao makuu. Barua za serikali zaandikwa huko kila siku, wala haifai mji mkuu wa wilaya ukose hati moja ya jina lake.

Ziwa lenyewe ndilo kubwa la vituko. Livingstone alipolifikia mwaka 1859 alilichukua jina la Nyasa, neno ambalo kwa watu wa huku lilikuwa na maana ya ziwa, au maji makubwa; basi sisi tusemapo Ziwa Nyasa twasema Ziwa Ziwa, na hatuoni haya. Jirani zetu walipopata uhuru mwaka 1964 waliiita nchi yao Malawi, na ziwa nalo wakaliita Malawi. Wenye Msumbiji waliita Niassa. Tungecheka, lakini mwaka 2012 kicheko kilikoma pale maneno ya mpaka yalipopanda moto kati ya serikali yetu na ya Malawi: wao wakishika mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890, kwamba mpaka wapita ufukweni kwetu, na sisi tukisema mpaka ni katikati ya maji kama ilivyo desturi ya mataifa. Mvuvi wa Lituhi, ambaye babu yake alitupa nyavu humo kabla ya mkataba, hakuulizwa na mtu mwaka ule wa 1890. Wino uliomwagwa Ulaya wakati huo haujakauka hata leo.

Hata hivyo mto na ziwa havipangi foleni. Mtu hupanga, na jambo la leo ni la mtu.

Mtu aliyezaliwa ukoo wa Ndunguru, akaandikwa Ndungulu katika karatasi moja tu, ni watu wawili mbele ya mashine. Huongezeka tena kwa jina la ubatizo. Milimani walikuja Wabenedikti kutoka Ujerumani, na ufukweni wakaja Waingereza wa UMCA. Hivyo yule yule aliyebatizwa Johannes, nyumbani aitwa Yohanesi, shuleni mwalimu akamwandika John, na karani apendaye Kiswahili safi akamsahihisha kuwa Yohana. Kila mmoja katika hao alidhani anamfanyia hisani.

Zamani hasara yake ilikuwa ndogo. Mwenye kulipa kahawa alimjua mkulima kwa sura, akamjua baba yake na shamba lake. Siku hizi fedha za kahawa hutoka chama cha ushirika hupitia benki, na benki haimjui baba wa mtu. Mwaka 2019 serikali iliagiza laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wote tulioziona foleni za vitambulisho za miezi ile twajua majina yalivyokuwa yakiandikwa, kwa haraka na kwa kusikia tu, mwandishi akiwa hata hajainua kichwa.

Tulimwona mzee mmoja wa milimani, mkulima wa kahawa, amekaa nje ya ofisi moja ambayo hatutaitaja. Alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake kadi ya ubatizo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na kijitabu cha ushirika. Katika karatasi nne, jina lake la ukoo lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu. Fedha yake ilikuwa imekwisha kuingia benki; yeye ndiye hakuweza kuingia. Ilikuwa safari yake ya tatu, na nauli ya kila safari aliikopa kwa mtoto wa ndugu yake. Tukasikia kijana aliyekuwa dirishani akimwambia kwa upole, "Mzee wangu, jina lako lina changamoto." Mzee akamtazama kwa muda, kisha akajibu: "Mwanangu, jina langu halina neno. Nalilipewa na baba yangu zima."

Hatukuona la kuongeza, ila hili la changamoto lataka kusemwa. Neno hili limekuwa blanketi la ofisini. Daraja likivunjika, kuna changamoto. Dawa zikiisha, kuna changamoto. Karani akikosea herufi, changamoto ni ya mwenye jina. Kosa liitwe kosa, na aliyelifanya ajulikane, ndipo litakaposahihishwa.

Wako wenzetu watakaotujibu kwamba watu wenyewe hawana msimamo. Mtu huja leo na r, kesho na l, na akiulizwa husema yote ni sawa. Ni kweli, tumewaona. Lakini yeye hutamka, nasi ndio tuandikao, na kwa kazi hiyo twalipwa mshahara. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930, jambo lililotafutwa lilikuwa usawa wa vitabu. Jina la babu wa mtu si neno la kitabu. Karani aliyesoma hana ruhusa ya kulisanifu.

Twapendekeza basi, na tungependa wanachama walijadili katika mkutano ujao: karani aombe karatasi ya kwanza kabisa aliyo nayo mtu, na aifuate hiyo herufi kwa herufi, aisome kwa sauti alipokwisha kuandika, na kabla ya muhuri ampe mwenye jina, au mwanawe ajuaye kusoma, alitazame. Kazi hii haizidi dakika mbili. Na pale ambapo daftari la ofisi laonyesha wazi kwamba kosa lilitoka mezani, mwananchi asipelekwe kwa wakili kununua kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Ofisi iliyokosea na iandike barua ya kusahihisha, kwa karatasi yake na kwa gharama yake. Twajua wakuu wengine watasema hakuna fungu la kazi hiyo. Barua moja na muhuri mmoja havihitaji fungu.

Na wenzetu wa Kilosa ya Nyasa wasiache kuandika Mbamba Bay juu ya bahasha zao, kwani barua zao zingali zikienda Morogoro.