Mama Aliyepasuliwa Apewe Maelezo Yake

Takwimu za uzazi nchini mwetu zimebadilika kwa kiasi ambacho hata mtu asiyelitakia Taifa hili mema hawezi kukikana. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria vifo 104. Katika kipindi hicho hicho watoto waliozaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila mia. Hayo ni matunda ya jasho la wananchi na ya sera za Chama na Serikali, nasi hatuoni haya kuyasifu. Lakini sifa hizo zisitusahaulishe wale 19 waliobaki, maana miongoni mwao wamo wanaozaliwa na mama ambao, kuliko mwanamke mwingine yeyote, hawakupaswa kuzalia nyumbani. Hao ni wanawake waliowahi kuzaa kwa kupasuliwa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuwazungumzii wale waliozidiwa njiani, au waliokwamishwa na mto uliofurika. Hao wana kisa chao. Tunamzungumzia mama aliyehudhuria kliniki barabara, ambaye kadi yake imeandikwa kwamba ana kovu, na ambaye muuguzi amemwelekeza aende hospitali ya wilaya kabla ya siku zake kutimia. Mama huyo anaitikia, anakunja kadi yake, anarudi nyumbani. Uchungu unapoanza hasemi neno mpaka usiku umekuwa mwingi na mtoto amekaribia, ndipo anapomtuma binti yake akamwite mkunga wa jadi. Katika maofisi yetu mwenendo huo huitwa ujinga, na wakati mwingine ukaidi. Sisi hatukubaliani na majina hayo, kwa sababu aliyeyatoa aghalabu hajamwuliza mama mwenyewe.

Hata hivyo, kwanza tuiseme hatari yenyewe, tena bila kuipamba. Mama anapopasuliwa, daktari huukata mfuko wa uzazi na kuushona. Jeraha hupona, lakini pale penye kovu hapawi tena na uimara uleule wa nyama iliyopazunguka. Katika mimba inayofuata, uchungu ukiuminya mfuko huo kwa saa nyingi, kovu laweza kuachia. Likiachia, damu humwagikia tumboni ambako hakuna jicho liionalo. Uchungu waweza kukoma ghafula, na watu waliomzunguka mama wakadhani kwamba amepata nafuu. Mtoto naye hukosa hewa aliyokuwa akiipata kwa njia ya kondo, na muda wa kumwokoa huhesabiwa kwa dakika. Kinachotakiwa wakati huo ni chumba cha upasuaji, mtu wa kutia nusu kaputi, damu ya kuongeza, na mikono ya mtaalamu. Mkunga wa jadi, awe hodari namna gani, hana kimoja kati ya hivyo.

Lakini ni mama wangapi hupatwa na msiba huo? Hapa ndipo wengi wetu tunapopotoka, na kwa kupotoka kwetu tunapoteza imani ya wale tunaotaka kuwashauri. Mkato unaotumika sana siku hizi ni ule wa kukingama katika sehemu ya chini ya mfuko, mkato ambao ulienezwa na daktari Munro Kerr wa Glasgow katika miaka ya 1920. Kati ya wanawake 1,000 wenye kovu moja la namna hiyo wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, takriban watano ndio ambao kovu huachia. Na katika kila wanne wanaojaribu, takriban watatu hufanikiwa. Mkato wa wima unaofika sehemu ya juu ya mfuko una hatari kubwa zaidi mara nyingi, na aliyekatwa hivyo hapaswi kuachwa aingie uchungu kabisa. Jambo la kutahadhari ni kwamba kovu la ngozi si shahidi wa kovu la ndani: tumbo laweza kuwa na mstari wa wima kwa nje ilhali mfuko ulikatwa kwa kukingama, au kinyume chake. Ajuaye ni aliyekata, au mwenye karatasi yake.

Sasa mkunga wa jadi aliyewazalisha wanawake ishirini wenye makovu katika maisha yake yote, yumkini kabisa hajamwona hata mmoja aliyepatwa. Anapomwambia mama, “Mwanangu, usiogope, nimewashika wengi kama wewe,” hasemi uongo. Anasema alichokiona. Jirani aliyejifungua salama sebuleni kwake mwaka jana naye hasemi uongo. Kinachowaona wale watano katika elfu ni hospitali ya mkoa, kwa kuwa huko ndiko wanakoletwa, iwapo wamewahi kuletwa. Basi mtumishi anayesimama mkutanoni na kutangaza kwamba kila mwenye kovu akizalia nyumbani atakufa, anatangaza jambo ambalo kijiji kizima kimeliona kwa macho kuwa si kweli. Wananchi hawatamwuliza swali. Watampigia makofi na kwenda zao. Ukweli wenyewe unatosha: kwamba mambo yakienda vema hakuna tofauti ionekanayo, na yakiharibika hakuna muda wa kwenda popote.

Idadi hiyo ya watano, isitoshe, imepatikana kwa wanawake waliozalia mahali ambapo mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa na uchungu hupimwa. Nyumbani yapo mambo yanayoiongeza hatari. Dawa za miti shamba za kuongeza uchungu, ambazo hutumika katika mikoa yetu mingi, huuminya mfuko bila kipimo, na kwa mwenye kovu hilo ni kama kulikaza kamba mahali ilipolegea. Kadhalika mimba inayotungwa upesi mno baada ya upasuaji hulikuta kovu halijakomaa. Mama angoje walau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na hilo baba alisikie pia, kwa maana si uamuzi wa mama peke yake.

Tuongeze jambo ambalo hata baadhi ya wasomi hawalifahamu. Kwa mwenye kovu, zahanati nayo si mahali pake. Zahanati ina mkunga aliyesomea kazi yake, nasi tunamheshimu, lakini haina chumba cha upasuaji wala damu. Mahali pake ni hospitali, au kituo cha afya kilichokwisha kuwekewa huduma ya upasuaji. Afisa anayejisifu kwamba katika kata yake kila mama amezalia kituoni, na asijue ni kituo gani mwenye kovu alizalia, hajamaliza hesabu yake.

Tukirudi kwa mama wetu, twauliza: anakimbia nini?

Anakimbia kisu. Mara ya kwanza alipelekwa mbio kwenye chumba cha upasuaji, karatasi ya idhini ikatiwa sahihi au dole gumba, akaamka ana mtoto na jeraha. Siku chache baadaye akaruhusiwa. Hakuna aliyekaa kando ya kitanda chake akamwambia kwa nini alipasuliwa: kama ni kwa sababu nyonga yake ni nyembamba, jambo ambalo laweza kurudi, au kwa sababu mtoto alikuwa amekaa vibaya, jambo ambalo laweza lisirudi kamwe. Amerudi kijijini bila jibu, na kijiji kikampa jibu lake: kwamba ni mvivu wa kusukuma, kwamba hakuzaa bali alizalishwa. Wapo mama mkwe na mawifi wasiosamehe jambo hilo. Mwanamke huyo sasa anasikia kwamba akirudi hospitali atapasuliwa tena, hata kama hakuna shida. Analima kwa jembe, anachota maji, ana mtoto mgongoni. Anajua ni miezi mingapi alishindwa kuinua ndoo. Kwa hesabu yake, nyumbani ndiko mahali pekee ambapo hatapasuliwa. Hesabu hiyo ina kosa, lakini si ya mjinga.

Wala hofu yake haikuzuka hewani. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York aliandika kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima, na kauli hiyo imetawala vichwa vya waganga kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kila upande, utafiti ulionyesha kwamba waliozaa kwa kupasuliwa waliongezeka kutoka 19 katika kila mia mwaka 2000 hadi 49 mwaka 2011. Nyingi kati ya operesheni hizo ziliokoa maisha. Lakini kila operesheni isiyokuwa ya lazima humwachia mama kovu atakalolibeba katika mimba zake zote zijazo, na katika nchi ambayo, kwa utafiti wa mwaka 2022, mwanamke huzaa wastani wa watoto 4.8, mzigo huo si mdogo. Kadiri makovu yanavyozidi, ndivyo kondo linavyoweza kuota juu ya kovu na kukataa kubanduka, na hilo humwaga damu nyingi. Upasuaji wa kwanza na ufikiriwe vema, hasa mijini, ambako bima humlipia mteja na saa ya daktari ni ghali.

Kisha iko gharama. Huduma ya uzazi katika vituo vya Serikali haitozwi malipo kwa mujibu wa sera, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mama huambiwa aje na glavu, nyembe na mpira wa kutandika kitandani. Na mwenye kovu, anayetakiwa kuhamia mjini wiki kadhaa kabla, anahitaji pia pa kulala, chakula, na mtu wa kumwachia watoto. Wilaya zilizojenga nyumba za kungojea uzazi karibu na hospitali zimefanya jambo la maana, mradi nyumba hizo ziwe na maji na mahali pa kupikia.

Badala ya kuyashughulikia hayo, baadhi ya vijiji vimetunga faini kwa mama anayezalia nyumbani. Nia yaweza kuwa njema. Matokeo ni kwamba mama aliyekwisha kuzalia nyumbani, akiogopa kudaiwa, humficha mtoto na kuchelewa kumpeleka chanjo; naye mkunga wa jadi, akiogopa kushitakiwa, husita kupiga kelele ya msaada wakati ambapo kila dakika ni damu. Tunawaomba ndugu zetu Watendaji wa Vijiji na Kata wazifikirie upya faini hizo. Hofu ndiyo iliyomkimbiza mama hospitali. Hofu nyingine haitamrudisha. Mkunga wa jadi afanywe msindikizaji wake, amlete mpaka mlangoni na akaribishwe, asifokewe mbele ya wazazi wengine.

Walimu wana sehemu yao, tena kubwa. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye anayesomewa barua na kuulizwa maana ya kadi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana, na kazi hiyo isingewezekana bila wenye kujua kusoma kuwaongoza wenzao. Leo redio ipo na simu ipo. Mwalimu aijue namba 115 ya M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wazazi uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao hupigiwa bila malipo na huweza kumtuma dereva wa jamii iwapo gari la wagonjwa liko mbali. Waijue na wanaume, kwa sababu mara nyingi simu iko mfukoni mwao. Tena Walimu Wakuu wakumbuke walimu wao wenyewe. Mwalimu mwenye kovu aliyepangiwa shule ya mbali asingojeshwe mitihani imalizike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mzazi kuanza likizo yake wiki nne kabla ya siku anayotarajiwa kujifungua, na kwake yeye wiki hizo ni za kuwa karibu na hospitali.

Kwa upande wa waganga, mama mwenye kovu moja la kukingama aambiwe waziwazi kwamba akija hospitali mapema anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida chini ya uangalizi, iwapo hakuna sababu ya kumzuia. Na wanaofaa kujaribu waachwe kweli wajaribu. Ahadi hiyo ikivunjwa mara mbili tatu katika hospitali moja, habari itafika vijijini kabla ya jioni.

Na kila anayepasuliwa leo apewe karatasi yake. Mistari mitatu yatosha: sababu ya kupasuliwa, aina ya mkato uliokatwa katika mfuko wa uzazi, na ushauri juu ya mimba ijayo. Iandikwe kwa Kiswahili, asomewe mbele ya mumewe au ndugu yake kabla hajatoka wodini, na nakala yake ibandikwe katika kadi ya kliniki. Jambo hilo halingoji bajeti mpya wala mfadhili. Waganga Wakuu wa Wilaya wanaweza kuagiza lianze Jumatatu ijayo.