Tope Hula Dawa: Tupime Maji Kabla ya Kuyatibu

Kila masika mito yetu ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani ikiwa imejaa udongo. Hapa Kyela hufurika, maji ya vyoo huingia visimani, na kuhara huanza. Tunakumbuka kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, kikafika hadi kwetu ziwani.

Wengi tumezoea kutia klorini katika maji. Lakini tukiitia katika maji ya tope tunajidanganya. Tope hula nguvu ya dawa, na vijidudu hujificha katika chembe za udongo dawa isivifikie.

Je, tutajuaje kama tope limepungua vya kutosha? Tazameni mwali wa jua upenyao tundu la paa: vumbi ambalo hatukuliona huonekana likielea, kwa kuwa kila chembe hutawanya nuru. Wapimaji wa maji hutumia njia hiyo hiyo. Chombo hupitisha nuru katika kichupa cha maji na kupima ile inayotawanyika ubavuni. Tope likizidi, nayo huzidi. Kipimo chake huitwa NTU. Shirika la Afya Duniani hushauri maji yanayotiwa dawa yasizidi NTU 5, na ikiwezekana yawe chini ya 1. Jicho huanza kuona ukungu kwenye NTU 4 hivi. Chini ya hapo halitusaidii.

Lakini tujihadhari: chombo hiki hakihesabu vijidudu. Hata maji maangavu ya ziwa yaweza kubeba kipindupindu. Kinatuambia tu kama dawa itafanya kazi.

Sisi tunaona haifai chombo hiki kikae maabara za mjini tu. Kila kamati ya maji ya kijiji ingekuwa nacho, na kupima baada ya kila mvua kubwa. Wapo watakaosema ni ghali. Basi lipo bomba la plastiki lenye alama chini: maji humiminwa mpaka alama isionekane, kisha kimo husomwa. Hilo halihitaji umeme.

Nyumbani, acheni maji yatulie ndooni. Mchanga huzama upesi, lakini udongo laini huchukua siku nzima au zaidi. Chujeni kwa kitambaa safi, tieni dawa kwa kipimo kilichoandikwa, ngojeni nusu saa. Yakibaki na tope, yachemsheni. Moto haushindwi na tope.

Kamati za maji, zungumzeni jambo hili kabla ya masika, si baada ya mazishi.