Mtandao ukikatika, barua ni ya nani?

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa wilayani kusaka habari. Saa 11 jioni, kurasa zikikaribia kufungwa, nikabonyeza kutuma. Mtandao ukakatika. Uliporudi, programu yangu ya barua ikatuma tena yenyewe. Mhariri akapata habari ileile mara mbili, akawa mbogo. Fundi wetu wa kompyuta akamtuliza kwa ahadi: seva sasa haitasubiri mtu, laini ikinyamaza sekunde 10 inakata.

Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Seva yetu inatumia Postfix, programu huria ya Wietse Venema iliyotolewa kwa umma mwaka 1998. Inafuata itifaki ya SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982. Kutuma barua ni mazungumzo: unamtaja mtumaji, unamtaja mpokeaji, unamwaga maneno, kisha unafunga kwa nukta iliyo peke yake kwenye mstari. Seva ikijibu 250, maana yake imepokea na mzigo sasa ni wake.

Laini ikikatika kabla ya nukta, Postfix inatupa kipande kilichofika na kuandika katika kumbukumbu zake kwamba mawasiliano yamepotea. Sawa kabisa! Fikiria sentensi "Diwani amekula fedha, wanadai wapinzani wake" ikatikie kwenye mkato. Tungekutana mahakamani.

Utata uko baada ya nukta. Seva imeshahifadhi barua na kujibu 250, ila jibu limepotea njiani. Kompyuta yangu itajuaje? Inatuma tena. Craig Partridge alilieleza tatizo hili tangu mwaka 1988, katika waraka uitwao RFC 1047. Ushauri wake: seva ijibu upesi baada ya nukta, kazi nyingine zifuate baadaye.

Sasa angalieni dawa ya fundi. Barua ikiingia mara mbili, seva ilikuwa imeshamaliza kazi yake ya kupokea. Kupunguza subira hakuzuii hilo hata kidogo. Kunachoua ni barua zilizo bado njiani, za mtu aliye kijijini na simu yenye mnara mmoja.

Kwa kawaida Postfix huvumilia kimya cha sekunde 300. Muda huo haukuokotwa barabarani: RFC 5321 ya mwaka 2008 inashauri seva isubiri walau dakika 5. Ni kweli Postfix yenyewe hushuka hadi sekunde 10 ikizidiwa na wateja, lakini msongamano ukipungua inarudi kwenye 300. Hiyo ni hatua ya dharura. Fundi wetu anataka dharura iwe maisha.

Kama tunataka kupunguza nakala pacha, tusome kumbukumbu za seva. Kama inakagua virusi kabla ya kuijibu ile nukta, na ukaguzi unachukua dakika nzima, tuanzie hapo. Programu ni huria, mipangilio iko wazi, hakuna sababu ya kubahatisha.

Waliokaa ofisini kwenye mtandao wa kasi wasiwapangie subira walioko shamba. Habari ikifika mara mbili, mhariri anafuta moja, basi. Isipofika, kesho ukurasa una tangazo pale palipotakiwa kuwa na kilio cha wanakijiji.

Au mnasemaje?