Kugundua au Kuelekezwa?

Katika vitabu vingi vya historia ya upelelezi wa bahari, pwani ya Afrika Mashariki huzaliwa mwaka 1498, siku zilipotokeza merikebu za Vasco da Gama. Mtoto wa Umwe, kule Ikwiriri, ambako Mto Rufiji huikaribia delta yake, husoma kuwa bahari inayopokea maji ya mto wa kwao "iligunduliwa". Neno hilo ni uongo. Na aibu iliyo kubwa zaidi ni kuwa huandikwa kwa Kiswahili, na Waswahili wenyewe.

Ushahidi ni wa kale. Katika karne ya kwanza ya miladi, mwandishi wa Kigiriki kutoka Misri aliandika mwongozo wa safari uitwao Periplus. Humo ametajwa mji wa Rhapta, uliopata jina lake kutokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, jamaa za mitepe. Akaeleza kuwa manahodha wa Kiarabu waliokwenda huko walizoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakaijua lugha yao. Basi alinakili yaliyokwisha kujulikana. Mahali pa Rhapta wataalamu hawajaafikiana. Walakini Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameielekeza Rufiji, na mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana huko.

Na Gama je? Kutoka Malindi hadi Kalikuti hakujipeleka, alipewa rubani. Hapa watetezi wa pwani hukimbilia kudai kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Madai hayo ni dhaifu, kwani Wareno wenyewe wamemtaja mtu wa Gujarati. Ya nini kuvaa kilemba cha ukoka? Ukubwa wa Ibn Majid haumhitaji Gama. Elimu ya nyota, pepo na bandari aliitia katika mashairi ya rajazi, mojawapo likieleza njia ya Sofala, ili nahodha aihifadhi moyoni. Anayedai kuwa mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuandika, na ajibiwe kwa mashairi hayo.

Delta nayo imetoa hukumu yake. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo. Waingereza, wenye jeshi la majini kubwa kuliko yote, hawakuweza kuingiza manowari zao kubwa; ila Julai 1915, kwa msaada wa ndege na manowari mbili zielezo katika maji haba, ndipo walipoimaliza. Majahazi ya Ghuba yaliingia mito hiyo hiyo kwa tanga, yakapakia boriti za mikoko. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika humo ndani ya jahazi la Kuwait. Kitabu ni chake. Njia ilikuwa ya nahodha.

Lawama, basi, haiishii Ulaya. Washairi wa pwani wameisifu bahari kwa mahaba, wakawaacha wenye kuijua bila kuwauliza. Elimu ya bamvua na maji mafu, ya kusi na kaskazi, ya mlango upi wa mto unapitika na upi umejaa mchanga, ingali vinywani mwa wazee wa delta. Wakifukiwa nayo, atakuja mwingine na daftari lake, naye ataitwa mgunduzi.

Mtoto wa Umwe na asomeshwe yaliyo kweli: mwaka 1498 mgeni alifika, akauliza njia, akaonyeshwa.