Filamu Zilizopigwa Tsavo Zirudi Voi

Kamera ninayoitumia haina betri, wala haina kioo cha kuonyesha picha iliyokwisha kupigwa; ni Bolex H16 ya Uswisi, ya jamii iliyoingia madukani mwaka 1935, na nguvu zake zote zimo katika kamani ambayo hutiwa ufunguo kwa mkono, kama zilivyotiwa saa za ukutani katika nyumba za wazee wetu. Kamani ikijaa, kamera huenda kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha husimama, mpigaji apende asipende. Na mkanda mzima wa mita 30, ukienda picha 24 kwa sekunde, haufiki dakika 3. Vijana niliowaonyesha hapa Voi walicheka, nami sikuwalaumu, maana simu ya mwendesha bodaboda yeyote pale stendi hupiga sinema kutwa bila kudai kitu ila chaji.

Niliichukua kamera hiyo hadi Sagalla, kwa bibi mmoja asukaye vikapu vya katani. Mkanda niliutia chini ya mwembe, nimelipa jua mgongo, nikapangusa kwa brashi laini kila pembe unamopita, kwa kuwa chembe moja ya vumbi letu jekundu, lile lile linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi ya matofali, hutosha kuuchora mkanda mstari toka mwanzo hata mwisho. Na kwa sababu filamu ni ghali, sikubonyeza. Nilikaa asubuhi nzima nikitazama anavyousokota uzi pajani, na anavyonyamaza ghafla kila afikapo mahali pa kubadili rangi, midomo ikihesabu bila sauti.

"Mwanangu, mbona hupigi?" akauliza.

"Natazama kwanza, bibi."

"Haya, tazama. Kikapu hakiishi leo."

Nilibonyeza mara tatu tu siku ile. Lau ningekuwa na simu, ningerudi na saa nzima ya picha, na ule unyamavu wa kuhesabu nisingeuona kamwe.

Hata hivyo sitaki kumhadaa msomaji kwamba ukale ni baraka tupu. Lenzi yangu ilikaa Mombasa miaka mingi sandukuni, na kuvu imechora ndani yake nyuzi mithili ya utando wa buibui, hata jua likiingia kwa ubavu picha huvaa ukungu wa maziwa. Wako wanaolipa fedha kuutafuta ukungu huo, lakini mimi nauita kasoro, ingawa ni kasoro niliyoizoea. Wala si mimi wa kwanza kukwamishwa na kamera: Carl Akeley, Mmarekani aliyekuja Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alishindwa kuwapiga Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki kwa kuwa kamera yake ilikuwa nzito ya kugeuza. Akarejea kwao akaunda nyingine.

Subira niliyojaribu kuiiga Sagalla ni tone mbele ya ile ya Alan na Joan Root, mume na mke, waliopiga filamu katika chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, ndani ya kaunti yetu hii. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno, ikachujwa chini kwa chini, ikatokea Mzima ikiwa maji maangavu. Na wawili hao walijitosa humo na kamera zilizofungiwa zisiingie maji, wakawapiga viboko wakitembea sakafuni kana kwamba hawana uzito, na samaki wakiwasafisha ngozi. Katika kazi zao pale, kiboko alimuuma Alan mguuni, na Joan akaponea chupuchupu. Mzima: Portrait of a Spring ilionyeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Survival, kipindi cha televisheni ya Anglia, Uingereza.

Mimi sijakutana na mtoto hata mmoja wa shule hapa Voi aliyeiona. Maji ya Mzima yana bomba la kuyapeleka Mombasa, ilhali mifereji ya vijiji vyetu vingi hukauka. Kumbe na picha za Mzima nazo zilipata njia ya kutoka, zikakosa njia ya kurudi! Ataniambia mtu kwamba siku hizi kila kitu hupatikana katika intaneti. Kipande kilichofifia katika kioo cha simu si filamu, wala hakitupi haki ya kuionyesha darasani. Serikali ya Kaunti iwaandikie wenye hakimiliki, iombe nakala safi ya kila filamu iliyopigwa Tsavo, iziweke Voi, na zitiwe maelezo ya Kiswahili na ya Kidawida.

Nawe msomaji wa Mwatate, Wundanyi au Taveta, ambaye marehemu baba yako alikuachia kopo la mkanda wa arusi au wa sherehe za misheni, lifungue leo ulinuse. Likitoa harufu ya siki, mkanda umeanza kuoza, na joto la chini ya bati huharakisha kuoza huko. Uhamishie mahali pakavu penye ubaridi, umtafute wa kuunakili upesi, na tafadhali usiwape watoto wauchezee.