"Thabiti" si "isiyobadilika"

Mwezi uliopita mwenzangu wa Kitivo cha Sayansi aliniletea kurasa mbili za Kifaransa juu ya gadolini-157, akaniomba nizitafsiri kwa Kiswahili. Pale palipoandikwa "isotope stable" niliweka "isotopu isiyobadilika". Akacheka, akalifuta neno langu. Niliona haya, kwa sababu mtu wa lugha ni mimi.

Gadolini ni mojawapo ya metali za ardhi adimu. Kiini cha isotopu hiyo kina protoni 64 na nyutroni 93. Kikiachwa peke yake hakivunjiki, ndiyo maana huitwa thabiti. Lakini nyutroni ya mwendo wa polepole ikikifikia, kinainasa kuliko kiini kingine chochote kilicho thabiti. Hapo kinageuka gadolini-158, na nishati inayozidi inatoka kama miale ya gama. Tabia hiyo ina kazi: gadolini huchanganywa katika fueli ya vinu vya nyuklia ili imeze nyutroni za ziada fueli ingali mpya. Basi ile niliyoiita "isiyobadilika" hutumiwa kwa sababu inabadilika.

Unasaji huo hupimwa kwa "barn", neno la Kiingereza lenye maana ya ghala la shambani. Wamarekani wawili, Holloway na Baker wa Chuo Kikuu cha Purdue, walilichagua mwaka 1942: kwa mambo ya viini, eneo hilo dogo kwao lilikuwa kubwa kama ghala. Tena lilifaa kuficha siri ya vita. Gadolini-157 ina barn zipatazo 254 000, hali kiini chenyewe, kwa ukubwa wake, hakifiki hata barn mbili. Kumbe linaloitwa "eneo" ni uwezekano wa kunasa. Mtego haupimwi kwa upana wake, hupimwa kwa ndege unaowanasa. Mzee wa kijijini angelielewa hilo kabla yangu.

Wako walimu wetu wanaosema mambo haya yabaki katika Kifaransa, Kiswahili kisijitwishe mzigo. Nawaheshimu, lakini sikubali. Urani ya Shinkolobwe, hapa Katanga, ilitumika katika vita ile ile iliyozaa neno "barn". Jiwe lilitoka kwetu, maneno yakatungwa kwingine. Tukikaa kimya leo, lawama haitakuwa ya mkoloni tena.

Ila tusitunge kwa kamusi peke yake, kama nilivyofanya mimi. Ninapendekeza kila kazi ya mwisho inayohusu istilahi isomwe na mtu mmoja wa sayansi kabla ya kutetewa. Atuulize swali moja tu: kitu hiki kinafanya nini?

Katika kurasa zile sasa nimeandika "thabiti", na kando yake: haivunjiki yenyewe. Mwenzangu hajaifuta.